Siku moja New York: uingie makumbusho gani?

Swali hili hunifikia kwa simu kila msimu wa likizo. Ndugu anatua uwanja wa ndege wa JFK Alhamisi, Jumamosi anaendelea kwa jamaa zake Ohio au Toronto, na katikati ana siku moja tu ya kuuona mji. Keshatajiwa makumbusho matatu manne, na kila aliyemshauri kamwapia kwamba lake ndilo lenyewe. Mimi naishi ng'ambo ya mto, upande wa New Jersey, na nimewapeleka wageni wengi. Nimemwona shangazi yangu akitoka kwenye jumba lenye hazina za dunia nzima, kachoka, hana la kusimulia. Nimemwona pia baba mdogo akisimama robo saa nzima mbele ya rundo la masanduku ya zamani, asitake kuondoka. Tofauti haikuwa ubora wa majumba. Shangazi nilimpeleka pasipomfaa, kwa mwendo usiomfaa.

Nitalinganisha makumbusho matano, na ndani ya mengi yake bandari imo. New York ilikuwa bandari kabla ya kuwa kitu kingine, na pwani yetu inaijua tangu zamani. Tarehe 30 Aprili 1840 iliingia hapa Sultana, merikebu ya Sayyid Said, ikitokea Zanzibar na karafuu, pembe za ndovu, ngozi, sandarusi, tende na kahawa. Mjumbe wake, Ahmad bin Na'aman, alikaa zaidi ya miezi mitatu. Baraza la mji likamwagiza mchoraji Edward Mooney achore sura yake, na jeshi la majini likaikarabati merikebu bila malipo katika karakana yake ya Brooklyn. Leo meli za makontena hufunga gati Newark na Elizabeth, upande wetu wa New Jersey, kwa kuwa Manhattan haina uwanja wa kupanga makontena. Magati yake ya zamani yakabaki wazi, mengine yakawa bustani, mengine makumbusho.

Vya kupima kwanza

Pesa ni la kwanza, na hapa kuna jambo linalowapita wageni wengi. Met, yaani makumbusho ya sanaa ya Metropolitan, humruhusu mkazi wa jimbo la New York alipe anachotaka, pamoja na wanafunzi wa New York, New Jersey na Connecticut. Makumbusho ya Historia Asilia huwaruhusu wakazi wa majimbo hayo matatu. Kwa hiyo mpwa wako anayesoma Newark anaweza kuingia kwa dola chache, nawe uliyetoka Dodoma ukalipa bei kamili. Bei hupanda, basi zitazame tena kabla ya kutoka nyumbani.

La pili ni saa na miguu, na hayo mawili hayatengani. Jumba kubwa linakula miguu kuliko soko la Kariakoo siku ya mkesha wa sikukuu, kwa sababu sakafu ni mawe na mtu hatembei, anajikokota. La tatu ni nani mko naye: mtoto wa miaka minne, mzee mwenye magoti mabovu, au kijana anayetaka kujua kila kitu kinaendeshwaje. La nne ni namna ya kufika. La tano, ambalo kwangu lina uzito kuliko yote, ni kile mgeni alichokuja nacho moyoni. Hilo muulize kabla hujanunua tiketi.

Ellis Island

Kisiwa hiki kilipokea wahamiaji zaidi ya milioni 12 kati ya 1892 na 1954, na makumbusho yalifunguliwa 1990 ndani ya jengo lile lile walimopitia. Chini kuna chumba cha mizigo, chenye masanduku, vikapu na mabunda ya nguo. Hapo ndipo baba mdogo alipokwama. Aliniambia sanduku moja lilikuwa sawasawa na lile babu aliloondoka nalo Tanga kwenda kufanya kazi Mombasa, hata kufuli lake.

Kutoka hapo unapanda ngazi. Enzi zile madaktari walisimama juu wakitazama nani anahema na nani anachechemea, na mwenye dalili aliandikwa herufi kwa chaki kwenye nguo: H kwa moyo, E kwa macho, L kwa kuchechemea. Kila mtu alitazamwa kwa sekunde chache tu. Juu kuna Ukumbi Mkubwa, ambao umeachwa karibu mtupu, na utupu huo unasema mengi. Waliorudishwa walikuwa kama wawili katika kila mia. Idadi ni ndogo mpaka ufikirie kwamba wakati mwingine aliyerudishwa alikuwa bibi, na wajukuu wakaendelea mbele. Kwa ndugu waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma, kwenye mahojiano, vipimo vya afya na kusubiri jina litokee, ukumbi huu hauhitaji mwongozaji.

Upungufu wake ni kwamba simulizi nyingi ni za Wazungu, kwa kuwa wengi waliopita hapa walitoka Ulaya. Vyumba vilivyoongezwa 2011 na 2015 vinaeleza waliokuja kabla na baada ya kituo hiki, wakiwemo Waafrika walioletwa kwa minyororo. Usivipite mbio.

Kiingilio hakuna. Unacholipia ni feri, takriban dola 25 kwa mtu mzima, na tiketi hiyo hiyo inakufikisha pia kwenye Sanamu ya Uhuru. Feri halali ni ya Statue City Cruises, inayoondoka Battery Park upande wa Manhattan na Liberty State Park upande wa New Jersey. Karibu na Battery utakutana na vijana wenye vitambulisho shingoni wanaouza tiketi barabarani, na wengi wanauza safari ya kupita karibu tu bila kushuka kisiwani. Kabla ya kupanda kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege. Ukijumlisha foleni, feri na visiwa viwili, tenga saa tano. Lifti zipo, na mzee atapata pa kukaa. Watoto wadogo hufurahia feri, lakini ndani kuna maandishi mengi kuliko vitu vya kushika.

Makumbusho ya Historia Asilia

Yako upande wa magharibi wa Central Park, kwenye kituo cha 81st Street cha treni za B na C. Yalianzishwa 1869, na ni makubwa kiasi kwamba hata wenyeji hupotea ndani. Ukumbi maarufu kwa Afrika umepewa jina la Carl Akeley, mkaushaji wa wanyama aliyeubuni. Katikati wamesimama tembo wanane waliokaushwa, na pembeni yako madirisha 28, kila moja likiwa na wanyama halisi waliokaushwa mbele ya mandhari iliyochorwa ukutani. Mtaona mbuga za Serengeti na mto Ewaso Nyiro. Kuna pia gorila wa milimani, nyuma yao volkano za upande wa Goma. Baadhi ya gorila hao Akeley aliwapiga risasi mwenyewe mwaka 1921. Baadaye akawa mstari wa mbele kumsihi mfalme wa Ubelgiji awalinde waliobaki, na mwaka 1925 ikaanzishwa hifadhi ambayo leo tunaiita Virunga. Alifariki 1926 kwenye miteremko ya mlima Mikeno, akazikwa huko huko, na ukumbi ukafunguliwa miaka kumi baadaye. Mimi hulisimulia hili lote mbele ya dirisha la gorila, sehemu nzuri na sehemu chungu, kwa sababu pasipo habari hiyo mtu anaona ngozi na pamba tu.

Mgeni wangu mmoja wa Arusha aliniuliza: tembo ninao nyumbani, wazima, nilipe kuona waliokaushwa? Swali la haki. Nilimshusha kwenye ukumbi wa asili ya binadamu. Pale kuna sanamu za viumbe wawili, wa kiume na wa kike, wanatembea wameegemeana juu ya majivu ya volkano. Ni taswira ya walioacha nyayo za Laetoli, huko kwetu karibu na Ngorongoro, miaka milioni 3.6 iliyopita. Nyayo zenyewe zimebaki Laetoli. Alisimama akisoma jina la Tanzania kwenye maelezo, kisha akapiga picha sita.

Kwa watoto, nadhani hapa hapana mpinzani. Kuna nyangumi wa buluu wa mita 29 anayening'inia darini, na ukilala chali sakafuni chini yake hakuna atakayekushangaa. Kuna dinosaria wa mita 37 ambaye kichwa chake kimechungulia nje ya mlango kwa kukosa nafasi ndani. Jengo jipya la Gilder, lililofunguliwa 2023, lina wadudu hai, na chumba cha vipepeo kina tiketi ya ziada.

Mgeni mtu mzima hulipa takriban dola 30. Hufunguliwa kila siku saa nne asubuhi, hufungwa saa kumi na moja na nusu jioni, isipokuwa Sikukuu ya Shukrani na Krismasi. Saa nne zinatosha ukichagua kumbi nne, na hazitatosha ukitaka zote. Viti vya magurudumu hupatikana bila malipo. Siku za mvua na likizo za shule kelele ni nyingi, na mzee anayependa utulivu hatapumzika.

Met

Ukiivuka bustani ya Central Park kwenda upande wa mashariki, unafika kwenye jumba la sanaa kubwa kuliko yote nchini Marekani. Lilianzishwa 1870, na vitu vyake vinatoka kila bara, vya miaka elfu tano. Hapa ndipo nilipomchosha shangazi. Tulianza Misri, tukapita Ugiriki, tukapanda kwa Wafaransa, tukashuka kwenye silaha, mwisho akaniuliza kwa upole kama tumebakiza mengi. Siku hiyo asubuhi nilikuwa nimempitisha kwanza Historia Asilia, eti kwa kuwa ni kuvuka bustani tu.

Ningempeleka leo, ningechagua vituo vitatu. Cha kwanza ni hekalu la Dendur, lililojengwa Nubia kama mwaka wa 15 kabla ya Kristo. Bwawa la Aswan lilikuwa linakaribia kulizamisha. Misri ikaitunuku Marekani mwaka 1965 kwa msaada wake wa kuokoa majengo ya kale, mawe yakapangwa katika makasha 661 na kuletwa kwa meli, na tangu 1978 hekalu limesimama ndani ya ukumbi wa vioo kando ya bwawa la maji. Unaingia mlangoni mwake kabisa.

Cha pili ni sanaa ya Afrika, katika mrengo wa Rockefeller uliofunguliwa upya Mei 2025. Kuna kinyago cha pembe cha Malkia Idia wa ufalme wa Benin, ulio Nigeria ya leo, cha karne ya 16, chenye uso ambao huwezi kuacha kurudi kuutazama. Kuna kigoda cha enzi kutoka Kongo ya mashariki, kazi inayonasibishwa na fundi wa Buli, ambapo mwanamke amebeba kiti kwa ncha za vidole. Mgeni wa Kalemie au Lubumbashi atakaa hapo kuliko popote. Sehemu kubwa ya mrengo huu ni Afrika Magharibi na ya Kati, kwa hiyo mtu wa mwambao asitarajie kuiona Lamu au Kilwa kwa upana.

Mtu wa mwambao kituo chake ni cha tatu, kumbi za nchi za Kiislamu. Kuna kibla nzima ya vigae, yaani mihrabu, kutoka Isfahan, ya mwaka 1354 au 1355, maandishi yake yamezunguka kama ushanga. Halafu kuna Chumba cha Damascus cha 1707, sebule ya kupokelea wageni yenye mbao zilizopakwa rangi, mashairi ukutani na zidaka. Aliyekulia Mji Mkongwe atazitazama zidaka zile, amkumbuke bibi yake.

Mtu mzima mgeni hulipa dola 30, na mtoto chini ya miaka 12 haingii gharama. Jumatano hufungwa, na wageni wengi hugundua hilo wakiwa ngazini. Ijumaa na Jumamosi hukaa wazi hadi saa tatu usiku, na baada ya saa kumi na mbili watu hupungua, hivyo hapo ndipo jumba linapokuwa tamu. Viti vya kukalia ni vingi na viti vya magurudumu huazimwa bure. Kwa mtoto wa shule ya msingi saa mbili zinatosha, hekalu na farasi wenye mavazi ya chuma. Mdogo kuliko hapo atakuwa anaambiwa "usiguse" kila dakika.

Intrepid

Hii ni manowari ya kubebea ndege, iliyoshushwa majini 1943. Ilipigana Pasifiki, ikarudi vitani enzi ya Vietnam, na katikati ya hayo ikawaokota baharini wanaanga waliorudi duniani miaka ya 1960. Tangu 1982 imekuwa makumbusho, imefungwa gati namba 86 upande wa magharibi wa Manhattan. Juu ya sitaha zimepangwa ndege za kivita, ndani ya banda juu ya sitaha hiyo hiyo kuna Enterprise, chombo cha anga cha majaribio, na kando yake nyambizi Growler iliyowahi kubeba makombora ya nyuklia. Gatini iko Concorde iliyovuka kutoka New York hadi London kwa saa 2 na dakika 52 mwaka 1996.

Ninaiheshimu, ingawa sipendi mahali panapoonyesha silaha zaidi ya kilio cha waliopigwa nazo. Vijana hawasumbuliwi na hilo. Nimemwona kijana wa chuo cha ufundi akikaa saa nzima kwenye nyaya zinazokamatia ndege, hana habari na sisi. Kiingilio kinazidi dola 30, na baadhi ya sehemu huhitaji tiketi za ziada. Saa tatu zinatosha. Nyambizi ni nyembamba, kwa hiyo mwenye magoti mabovu au hofu ya kubanwa abaki nje. Januari sitahani upepo unakata. Kutoka kituo cha treni ni mwendo wa kama dakika 20, au upande basi la 42nd Street linaloelekea magharibi.

South Street Seaport

Ndogo kuliko zote, na ndiyo bandari yenyewe. Iko mwisho wa Fulton Street, mashariki ya Manhattan ya chini, mwendo mfupi kutoka kituo cha Fulton. Johari yake ni Wavertree, meli ya matanga ya chuma iliyoundwa Southampton 1885. Ilivunjika milingoti ilipojaribu kuizunguka Cape Horn mwaka 1910, ikaishia kuwa tishari la mchanga Buenos Aires, na ikaletwa hapa 1970. Mtu anayejua jahazi, aliyewahi kushika henza au kusaidia kugeuza foromali, atakuwa na maswali kuliko majibu ya mwongozaji: ni watu wangapi walipanda kukunja matanga haya, na kwa dhoruba ipi? Pembeni kuna duka la kuchapa kwa herufi za madini ya risasi, Bowne, lenye jina la kampuni iliyoanza biashara 1775.

Gharama ni nafuu kuliko zote zilizotangulia, na saa mbili zinamaliza kazi. Haifunguliwi kila siku ya wiki, na meli hufungwa hali ya hewa ikichafuka. Ngazi za melini si rafiki wa mzee. Mtoto anayependa kukimbia kwenye sitaha atafurahi, ila asiyejali vyombo atauliza tumefuata nini.

Kwa hali yako

Kama umehamia Marekani mwenyewe, au unamleta mzazi ambaye watoto wake wamehamia, anza na Ellis Island, upande feri ya kwanza ya asubuhi. Nenda na mzee mwenye habari za safari, halafu umwachie muda wa kuzisimulia.

Mkiwa na watoto chini ya miaka kumi, nendeni Historia Asilia, hasa mvua ikinyesha. Chagueni nyangumi, dinosaria na ukumbi wa Akeley, mle chakula, mwondoke kabla hawajaanza kulia.

Ndege yako ikitua Ijumaa mchana, Met ya jioni ndiyo inayokufaa, kwa vile mengine yote yatakuwa yanafungwa. Siku yako ikiwa Jumatano, Met haipo, na Historia Asilia inashika nafasi yake.

Aliyesomea mitambo, au anayemleta mwanawe anayetaka urubani, aende Intrepid, na avae koti.

Mfuko ukiwa mwembamba, unganisha Seaport na feri ya Staten Island. Feri hiyo ni bure, hupita karibu na Sanamu ya Uhuru bila kusimama, na utauona mji kutoka majini kama Ahmad bin Na'aman alivyouona. Usidhani tu kwamba itakushusha Ellis.

Ukiwa na siku mbili, tenganisha makubwa: Ellis siku moja, Met au Historia Asilia siku ya pili. Bustani ya Central Park inadanganya, inayafanya yale mawili yaonekane majirani.

Shangazi anarudi Desemba. Tumeshakubaliana: Jumamosi jioni, Chumba cha Damascus, kisha kibla ya Isfahan, kisha chai. Amesema akibaki na nguvu ataomba na hekalu.